Trauti wa Karigu

Ukishuka Garsen kutoka basi la Mombasa, utaona kibanda cha kutengeneza simu na mbele yake benchi lililochongwa kwa ubavu wa mtumbwi uliopasuka. Kibanda ni cha Dado, ambaye watu humwita Redio kwa sababu hazimiki. Kahawa ni ya Kibibi, mwanamke wa Kipini aliyeolewa huku, na dele lake hukaa juu ya makaa tangu alfajiri. Kaviha hukaa katikati ya benchi kama mwenye mji. Amekuwa kwenye kamati ya maji, ya zahanati, ya shule, ya mafuriko, na sasa ya samaki, kwa hivyo jina lake ni Kamati. Mwisho wa benchi, penye kivuli, hukaa Komora, Mpokomo wa Hewani, mzee wa miaka sitini na sita. Alifanya kazi miaka ishirini na saba huko juu mlimani mto huu wa Garsen unakoanzia, katika kituo cha kuzalisha samaki wa maji baridi aitwaye trauti, kisha akastaafu akarudi kwao. Yeye wanamwita Trauti. Asubuhi hiyo wote walikuwa wakingoja pikapu ya vifaranga vya samaki, tilapia elfu tano, wamwagwe kwenye ziwa la Wema, lile ambalo mto uliliacha nyuma ulipobadili njia.

— Wamepita Gongoni, Kaviha alisema akitazama simu yake. Saa nzima hivi watakuwa hapa. Trauti, wewe ndiye utakayefungua mfuko wa kwanza. Nimeshawaambia kamati.

— Waambie tena, Komora akasema. Mimi siendi.

Kaviha alicheka. Alipoona anacheka peke yake akanyamaza.

— Huendi vipi? Umemwaga samaki mito ya watu maisha yako yote. Leo wamwagwe kwenu, ukatae?

— Nimekataa.

Dado alikuwa ndani ya kibanda na simu iliyofunguliwa tumbo. Akatoa kichwa dirishani.

— Mimi najua sababu. Huyu anaona tilapia si hadhi yake. Amezoea trauti, samaki wa wazungu, anayelala kwenye maji ya barafu.

— Na hilo ndilo sijawahi kuelewa, Kaviha akasema. Mto si ni huu huu mmoja? Trauti anakaa juu, maji yanashuka, sisi tuko chini. Mbona hata siku moja hajafika hapa?

— Anafika, Dado akasema. Njiani kuna mabwawa ya stima. Samaki akipita kwenye ile mitambo, stima inamwingia mwilini. Wale kambare wanaokurusha mkono ukiwashika, unafikiri ni nini? Hao walikuwa trauti.

— Kambare mwenye masharubu awe trauti? Kibibi akauliza akimimina kahawa.

— Masharubu yamemtoka kwa mshtuko.

— Hapana, Kaviha akasema. Mimi naona kule juu wana kamati kali. Kila trauti ana nambari yake. Akizidi mpaka, wanakuja kumchukua usiku kwa gari.

— Basi wewe hujui, Dado akasema. Trauti ana mafuta mengi. Akifika joto la huku anayeyuka. Ndiyo yale mafuta unayaona yakielea pale chini ya daraja.

— Yale ni ya pikipiki zinazooshwa pale, Kibibi akasema.

Siku nyingine zote Komora angewasahihisha. Angewaambia kwamba trauti hafi kwa stima wala hana nambari. Anataka maji yanayouma vidole, basi, na maji yakipata joto hukosa pumzi akageuka ubavu. Angewaeleza vile wako wa namna mbili: wa kituoni, anayelelewa kwa chakula cha kopo mpaka akiona kivuli cha mtu anakuja mbio akidhani ni chakula, na wa mtoni, ambaye babu zake waliletwa zamani sana lakini yeye mwenyewe amezaliwa kati ya mawe, na huyo akiona kivuli chako humwoni tena. Alikuwa akilieleza hilo kwa raha, na Dado alikuwa akimchokoza makusudi ili alieleze. Leo aliangalia finjani yake tu.

— Baba Silas, Kibibi akamwambia Komora kwa sauti ya chini. Kahawa imekupoa. Kuna nini?

— Hakuna kitu, mama.

Pikapu ilikuja mapema kuliko walivyofikiri. Ilifunikwa turubai nyuma, na aliyeshuka upande wa dereva alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa buti za mpira na kofia ya jua. Aliuliza mwenyekiti ni nani. Kaviha akasimama, akamshika mkono, akaanza kumweleza kamati iliundwa lini.

— Tutaongea njiani, mwanamke akasema. Nimeendesha tangu saa tisa usiku. Mama, nipe kahawa moja chungu, halafu twende. Ile mifuko ina hewa ya masaa manne zaidi, jua likiwa pole.

— Jua la hapa halina upole, Kaviha akasema. Twende sasa.

Komora alikuwa amekwisha inuka. Alizunguka nyuma ya pikapu, akainua pembe ya turubai, akatazama. Mifuko ya nailoni ilikuwa imepangwa vizuri, na ndani yake vifaranga vilienda na kurudi kama uzi mweusi. Alirudi akasimama mbele ya mgeni.

— Mwanangu, nisamehe nikikuuliza. Kabla ya kupakiwa, hivi vilitengwa siku ngapi kwenye bwawa la peke yake, vitazamwe kama vina ugonjwa?

Mgeni alimtazama vizuri. Si swali la mtu wa benchini.

— Siku tano. Zilitakiwa kumi na nne. Wakubwa walitaka viondoke kabla ya mwezi kwisha.

— Na Rebecca wa Wema anajua kwamba vinakuja leo? Komora akamgeukia Kaviha.

— Rebecca hayuko kwenye kamati.

— Lakini yeye na wenzake ndio wanaovua lile ziwa kwa vikapu, miaka yote. Wana samaki wao mle.

— Trauti, kamati imeamua. Kama una neno, sema. Kama huna, tuache twende, vitu vinakufa.

Komora akakaa. Mikono aliiweka juu ya magoti.

— Ninalo neno, akasema. Sikutaka kulisema, lakini ninalo.

Dado akatoka kibandani.

— Kule juu kulikuwa na kijito, Komora akaanza. Kidogo, ungekiruka ukiwa kijana. Juu ya maporomoko yake kulikuwa na trauti wa mtoni peke yao. Hakuna mtu aliyewahi kumwaga wa kituoni pale. Madoa yao yalikuwa mekundu mpaka ukimtoa mmoja unaona vibaya kumtia kwenye kikapu. Aliyekilinda ni mzee mmoja aliyeishi huko huko juu, penye daraja la kijito, rafiki yangu. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni wanaovua kwa mshipi. Alikuwa akiwafundisha wavue, watazame, warudishe majini. Mimi nilikuwa nikienda kwake kila nikipata nafasi. Nilijifunza kwake kutembea kando ya maji bila kukanyaga kokoto. Aliniomba kitu kimoja tu. Alisema, Komora, mito mingine fanyeni mnavyotaka, lakini hiki msitie kitu. Nikamwahidi.

— Mkatia, Kaviha akasema.

— Ngoja. Siku hiyo tulikuwa tunapeleka vifaranga elfu mbili kwenye bwawa la hoteli moja, mbele huko. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, halafu jua kali likatoka. Lori likazama kwenye matope hatua chache kabla ya daraja. Tukachimba, tukaweka matawi, likakataa. Saa sita mtungi wa hewa ukaisha. Vifaranga vikaanza kupanda juu ya pipa, midomo wazi. Mimi nilikuwa nimevilea vile tangu mayai. Dereva akaniambia, kijito hicho hapo. Nikakiangalia. Tukabeba pipa pamoja, tukamimina.

Mgeni alikuwa ameshika finjani karibu na mdomo. Hakunywa.

— Endelea, mzee, akasema.

— Niliviona vikipona. Vilisimama kidogo kwenye maji, vikashtuka, vikaenda. Nilifurahi, siwafichi. Nililala vizuri usiku ule. Baada ya miezi minne hivi ndiyo ikaanza. Wale wa mtoni wakaonekana na utando mweupe kwenye mashavu, kama pamba. Wanaogelea pembeni, hawakimbii mtu tena. Unaweza kumwokota kwa mkono. Wa kituoni walikuwa wamezoea ule ugonjwa, uliwapita. Wale wengine haukuwapita. Ukafika mwaka, hakuna hata mmoja.

— Na rafiki yako? Kibibi akauliza.

— Alikuja kituoni siku moja na kikapu. Nilikuwa ofisini naandika. Akakiweka juu ya meza yangu, juu ya karatasi. Walikuwa kumi na wawili, wamekufa, na ule utando. Hakusema neno. Alisimama mpaka nikainua uso, akanitazama, akatoka. Kikapu alikiacha. Miaka kumi na tatu niliyobaki kule sikupata salamu yake. Nikipita daraja akiwa nje, anaingia ndani.

Basi la Lamu lilipiga honi stejini. Hakuna aliyegeuka.

— Lakini mzee, Dado akasema, sasa ungefanya nini? Lori limezama. Samaki wanakufa. Mtu yeyote angemwaga.

— Hilo ndilo nimejiambia miaka yote.

— Kwanza ni makosa ya dereva, Kaviha akasema. Tena ya barabara. Kungekuwa na kamati ya barabara pale —

— Kijito chenyewe kinaitwaje? mgeni akakatiza.

— Karigu.

— Na yule mzee wa darajani?

Lilikuwa jina ambalo Komora hakulitamka hata nyumbani kwake.

— Gathogo.

Mwanamke akaweka finjani benchini, polepole, kama iliyojaa.

— Mimi ni Wanjira, akasema. Wa Gathogo.

Komora alimtazama uso na akaanza kumwona ndani yake mtoto wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa akikaa juu ya ukingo wa daraja, miguu ikining'inia, akila maembe makavu ambayo yeye mwenyewe alikuwa akitoka nayo Hewani. Kama si jina asingemtambua kamwe.

— Baba yuko?

— Tulimzika Aprili.

— Pole, Kibibi akasema. Pole sana, mwanangu.

— Asante, mama. Aliugua muda mrefu, alipumzika. Wanjira alivua kofia, akaiweka juu ya paja. Mzee Komora, mimi sikuja hapa kukutafuta. Nilijua tu kwamba kwenu ni upande huu, kwa sababu ya yale maembe. Nimepewa hii kazi ya vifaranga, nikasema pengine nitasikia jina. Sasa nimekupata, acha nikuulize kitu kimoja. Si kwa ubaya.

— Uliza.

— Nyumba yetu ilikuwa pale pale. Kutoka lori lilipozama ni hatua mia mbili, na baba alikuwa ndani, alikuwa na homa. Kwa nini hukuja kumwita?

Kaviha, ambaye ana jibu la kila kitu, alianza kukagua simu yake isiyolia. Kibibi aliinama akapuliza makaa yaliyokuwa yakiwaka vizuri.

Komora alikuwa na majibu mengi ya siku ile. Alikuwa na jua, na matope, na mtungi wa hewa, na mkubwa wake kituoni ambaye angemuuliza vifaranga elfu mbili viko wapi. Alikuwa ameyapanga kichwani kwa miaka mingi, na mengine alikuwa ameyaandika kwenye barua ambayo hakuituma. Lakini hakuna hata moja lililojibu swali hili. Hatua mia mbili ni dakika tatu. Walikaa pale kando ya lori zaidi ya saa nzima.

Wanjira alianza kuvaa kofia yake tena.

— Nilijua atakataa, Komora akasema.

Wanjira akasimamisha mkono.

— Nilijua nikimwita atasema hapana, na akisema hapana sitaweza kumwaga. Nilitaka kumwaga. Dereva naye alikuwa tayari kwenda kumwita, mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia mzee hayuko. Na nilikuwa nimemwona dirishani mwake.

Wanjira alitazama barabara.

— Mtoni angekataa, ndiyo. Lakini nyuma ya nyumba tulikuwa na bwawa la ng'ombe. Alilichimba mwenyewe, maji yake yanatoka kwenye chemchemi, baridi kabisa. Ng'ombe tulikuwa tumewauza, lilikaa bure. Angekwambia uviweke humo mpaka lori litoke.

Bwawa lile Komora alilijua. Alikuwa amelipita mara nyingi akienda kunywa chai kwa Gathogo, na siku ile halikumjia hata mara moja, kwa sababu hakuwa akitafuta njia. Alikuwa akitafuta ruhusa ambayo hangelazimika kuiomba.

Kaviha alisimama. Alienda kando kidogo, mgongo kwao, na wakamsikia akizungumza kwenye simu.

— Mama Rebecca? Ni Kaviha. Uko Wema? Hapana, bado hatujamwaga. Tunataka kwanza tuongee na wewe. Ndiyo. Na wenzako wote, waite. Hapana, si kamati. Wewe.

Akarudi, akasimama mbele ya Wanjira bila ile sauti yake ya mikutano.

— Shule ya Hewani ina bwawa walilochimbiwa na wafadhili. Halina samaki, lina maji. Mwalimu mkuu namjua. Vikae humo mpaka siku zako zitimie. Itakuwaje?

— Itakuwa vizuri, Wanjira akasema. Itabidi nikatoe maelezo kwa wakubwa.

— Waambie lori lilizama, Dado akasema, halafu akaona aibu, akarudi ndani ya kibanda. Alitoka na gunia tupu.

Komora alilichukua gunia lile mkononi mwake. Alimwomba Kibibi maji ya kuoshea finjani, akaliloweka, akalikamua kidogo, akalitandaza juu ya mifuko chini ya turubai. Kisha akapanda nyuma ya pikapu. Kibibi alimwambia akae mbele, jua litamwua. Akasema hapana, lazima mtu awe anavitazama. Wanjira alimsaidia kukaa, akaufunga mlango wa nyuma, na kabla ya kuuacha alishika mkono wa mzee mara moja, akauachia. Hakusema amemsamehe. Komora hakuuliza.

Rebecca na wanawake wa Wema walizungumza siku mbili. Walikubali kwa sharti kwamba upande wa ziwa penye matete, wanapowekea vikapu vyao, uzungushiwe uzio wa fito na wavu, na vifaranga visiingie kule. Kaviha alilitia saini sharti hilo akilalamika, kisha akaenda mwenyewe kukata fito. Kila asubuhi Komora alikwenda kwa baiskeli mpaka shule ya Hewani, akachutama kando ya bwawa, akachota kimoja kimoja kwa kikombe, akakiangalia mashavu kwa miwani yake ya kusomea. Siku ya tisa Wanjira alirudi, wakaangalia pamoja, wakavimwaga ziwani.

Kesho yake Kaviha alileta habari benchini.

— Vyote vizima. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na utando. Trauti, umetuchosha bure. Siku ile ile tungeweza kumwaga na isingekuwa kitu.

— Ni kweli, Komora akasema. Havikuwa na ugonjwa.

— Basi furahi.

— Nimefurahi.

Alimnyooshea Kibibi finjani. Kibibi aliinamisha dele mpaka mwisho, yakatoka makapi tu, na akamwomba radhi, leo watu wamekuwa wengi. Komora alisema haidhuru. Aliendelea kuishika finjani ile tupu, akiizungusha vidoleni, na Dado alipoanza kueleza vile trauti waliofungiwa kwenye bwawa la shule hujifunza kusoma, hakumsahihisha.

— Siku tisa tu, alisema baadaye, hata hawakujua anamwambia nani. Gathogo angenipa bwawa lake hata mwezi.